Pankeki za Soko Jipya

Wateja wake walimwita Wembe, na hawakuwa wakimaanisha kile alichokishika mkononi. Mikono ya kinyozi huyu ilikuwa na huruma. Angeweza kumnyoa mtoto mchanga usingizini na mtoto asigutuke. Ulimi wake ndio uliokata. Akiingia mwenye kipara, atamwuliza amekuja kunyolewa au kung'arishwa. Akiingia bwana harusi mtarajiwa, atamwambia anyolewe kabisa, maana nywele nyingine ataenda kung'olewa nyumbani. Watu walicheka, kila mmoja akiomba Mungu zamu iwe ya mwenzake. Mkewe alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa akimvuta shati kwa nyuma na kumnong'oneza, "Baba, hapo umefika. Rudi." Tangu azikwe, shati lilikosa wa kulivuta.

Ndipo akampata Mama Pacha. Alikuwa muuguzi wa zahanati ambako Wembe alikwenda kupimwa presha, mjane wa makamo, mwenye watoto pacha, wa kike na wa kiume, ambao walishakuwa watu wazima na kazi zao. Siku ya kwanza alimfunga kinyozi mkononi kile kitambaa cha kupimia presha na Wembe akaanza vituko vyake. Mama Pacha hakucheka wala hakununa.

"Presha yako inapanda kwa sababu ya mdomo," alisema. "Nyamaza nipime."

Wembe akanyamaza. Alirudi nyumbani akijishangaa, na safari iliyofuata alivaa shati la pasi. Mambo yakaenda taratibu, kama yanavyokwenda mambo ya watu wazima: salamu, kisha stori, kisha simu za jioni za kuulizana umekula nini. Kijiwe kizima kilijua. Fundi saa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaanza kumwita "bwana harusi".

Basi siku moja asubuhi Mama Pacha akapita kinyozini akielekea kazini. Benchi lilikuwa limejaa wateja, na Wembe alikuwa na mashine mkononi, inanguruma juu ya kichwa cha mtu.

"Jumamosi mchana wanangu wote wawili watakuwa hapa," alisema Mama Pacha akiwa mlangoni. "Wanataka kukuona. Tutakula pankeki, pale walipopenda toka utoto wao. Unapajua? Pale pa soko jipya."

Wembe alisikia "soko". Neno lililofuata likamezwa na mashine.

Sasa, mgahawa ule wa pankeki ulikuwa na matawi manne mjini, na kila mtu aliujua, kwa vile viti vyake vya manjano na picha kubwa ya kikaango ukutani. Kila mtu isipokuwa Wembe. Alikuwa amepita mbele ya milango yake mara nyingi, lakini kuingia hajawahi. Aliona ni mahali pa watu wenye familia zilizotimia. Angeweza kusema hivyo. Angeweza kuzima mashine na kuuliza, "Soko gani?" Lakini benchi zima lilikuwa limemkodolea macho, na mwanamke amesimama mlangoni amependeza.

"Mama, pale mimi mwenyeji!" alisema. "Mhudumu akiniona tu kwa mbali anaanza kukoroga unga."

Benchi likaangua kicheko. Mama Pacha akatabasamu, akaenda zake.

Jumamosi ilipofika, fundi saa alimwazima koti. Lilimbana mabegani, na mikono yake iliishia juu kidogo ya kifundo, lakini lilikuwa koti. Wembe akafunga duka mapema, akaenda soko la zamani, kwa sababu kwake soko lilikuwa moja tu, lile alikonunua sabuni na nyembe tangu ujana wake.

Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje. Watoto wanalia, akina mama wanahesabu vichwa, harufu ya siagi inawafuata watu hadi barabarani. Mhudumu, binti mwenye aproni ya manjano, akamwuliza wako wangapi.

"Watano, pamoja na mtoto," alisema Wembe kwa sauti, akijua kwamba binti wa Mama Pacha anakuja na mwanawe mdogo. "Wenzangu wako njiani."

Alipewa meza kubwa ya dirishani. Akaketi katikati yake, akapanga vijiko upya, akaagiza chai. Aliitazama menyu. Kulikuwa na pankeki za ndizi, za nazi, za chokoleti, zilizopangwa kama vitabu, zilizokunjwa kama leso. Akaifunga haraka asije akaonekana mgeni. Kila mlango ulipofunguka alinyanyuka nusu, koti likimvuta kwapani, halafu akaketi tena.

Akanywa chai ikaisha. Akaagiza nyingine. Wale waliokuwa kwenye foleni walianza kumtazama yeye na vile viti vitupu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Wengine wamekuja kukalia viti, wengine tumekuja kula." Wembe angekuwa dukani kwake angemjibu jibu la kumtoa kijasho. Hapa alijifanya anasoma ukuta.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita vilevile, ndefu, ya kumchoma, na watu wa meza ya jirani wakiona midomo yake inavyosubiri kusema "haloo". Akaiweka simu kifudifudi. Mara ya tatu hatapiga, akajiapia. Yeye si mtoto wa kubembeleza.

"Aa! Wembe!"

Alikuwa mteja wake wa miaka mingi, fundi bomba, na mkewe na watoto wao, wamevaa nguo za kutokea. "Kumbe na wewe ni wa huku? Peke yako na meza yote hii?"

"Nasubiri wageni wangu."

"Haya bwana. Wageni wa heshima hao!" Fundi bomba akamkonyeza, akaenda kuketi na watu wake.

Haikupita muda meneja akaja, kijana mwenye adabu, mikono ameikunja mbele. "Mzee wangu, shikamoo. Samahani sana. Kuna familia imesimama muda mrefu. Tunaomba tukusogeze kidogo, na wageni wakifika tutakupangia upya."

Wembe akasogezwa. Alibeba kikombe chake mwenyewe, mbele ya watu, mpaka kwenye kijimeza cha mtu mmoja karibu na mlango wa choo. Familia ya yule mama mwenye mtoto mgongoni ikaketi dirishani. Watoto wao wakawa wanamchungulia.

Yule binti wa aproni alimwonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko yote. "Baba, kula tu kitu. Wakija utakula nao tena." Akamletea pankeki tatu zilizobebana, na kijagi cha shira. Wembe hakujua kinachofanywa na kijagi kile. Aliona watu wakikiinamisha, naye akakiinamisha, shira yote ikateremka kwa mpigo, ikajaa sahani, ikamwagika mezani, ikaingia kwenye mkono wa koti la fundi saa. Alijifuta na karatasi. Karatasi ikagandia pale pale. Alikula hivyohivyo, kichwa chini, huku watu wakipita kwenda chooni na kurudi.

Fundi bomba alipomaliza kula na watu wake alipita karibu naye. Hakufanya utani. Alimshika bega tu, akasema, "Bado tu?" kisha akatoka.

Mkono ule begani ndio uliomchafua Wembe. Aliona Jumatatu imeshafika: benchi limejaa, na hakuna anayemcheka usoni, wote wanamhurumia. Akaona Mama Pacha na wanawe wamekaa mahali wakisema, yule mzee wa kunyoa vichwa, mama, kweli? Akaichukua simu, akabonyeza kitufe cha ujumbe wa sauti, akaisogeza mdomoni.

"Mama Pacha," alisema, chini chini, kwa ile sauti aliyotumia anapotaka mtu akatike bila kujua. "Mimi nimekaa hapa kama kinyago, watu wazima na watoto wananitazama. Kama umeona nimechakaa, ungesema. Kama wanao wameona aibu ya kinyozi, wangesema. Sasa nimeelewa kwa nini marehemu mumeo aliwahi kuondoka. Kaburini angalau mtu anapumzika na wewe."

Akaachia kitufe. Ujumbe ukaruka.

Kwa muda mfupi aliona raha, raha ya mtu aliyejikuna mpaka damu. Alinyanyua kikombe. Yule binti wa aproni akaja kufuta meza iliyoganda shira, akasema kwa upole, bila nia yoyote mbaya:

"Baba, samahani kwa kuuliza. Una uhakika wageni wako hawako tawi jingine? Maana watu wanachanganya sana. Mtu anaambiwa soko jipya, anakuja huku soko la zamani. Hata juzi kulikuwa na mama alilia hapa, kumbe mumewe anamsubiri kule."

Soko jipya. Neno lile lililomezwa na mashine likamrudia zima, kwa sauti ya Mama Pacha mwenyewe, mlangoni, asubuhi ile.  Wembe alishika simu kwa vidole vyenye utelezi, akaanza kuutafuta ujumbe aufute. Shira ikagandia kioo. Akabonyeza, ikafunguka picha. Akabonyeza tena, ikafunguka kamera, akajiona uso wake mwenyewe. Alipoufikia ujumbe, zile alama mbili pembeni yake zilikuwa zimeshageuka buluu: umeshafunguliwa.

Simu ikaita mkononi. Jina la Mama Pacha. Akapokea, lakini iliyosema ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Fundi Wembe, shikamoo. Mimi ni mwanawe. Tuko soko jipya. Tumekushikia kiti tangu tulipofika."  Nyuma yake zilisikika sahani na mtoto akiimba. "Mama alikuwa ametoka nje barabarani kukutazamia, simu ameiacha mkobani bila sauti. Tulipoitoa tukupigie tukaona jina lako, dada akasema ni fundi huyo amepotea njia, tusikilize. Akaweka sauti ya juu."

Wembe alifungua mdomo. 

"Mama alikuwa ndiyo anaingia," kijana akasema. "Amesikia mwisho wake." Akakata.

Angeweza kwenda nyumbani. Alilifikiria hilo akiwa nje, barabarani, jua limemwangazia lile doa. Angeweza kuzima simu, kubadilisha zahanati, kusema benchini kwamba yule mama alikuwa na mambo mengi. Wako watu ambao wangemwamini. Lakini alikumbuka kwamba kuna kiti kimeshikwa, na watu hawajui kama waendelee kukishika au wakiachie. Akaita pikipiki.

Tawi la soko jipya lilikuwa lilelile. Viti vya manjano, kikaango ukutani, foleni hadi nje, hata meza kubwa ilikuwa dirishani vilevile. Aliwaona kabla hawajamwona. Mama Pacha amevaa gauni ambalo Wembe hajawahi kuliona, amekaa wima, mikono mapajani. Binti yake, ambaye alifanana naye kama shilingi kwa ya pili, amempakata mtoto na amemgeuzia uso dirishani. Kijana anazungusha kijiko. Na mbele ya kiti kitupu, sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, chakula kisipoe.

Alisimama mezani. Hakuna aliyemwambia karibu.

"Umeshakula," binti alisema, akitazama mkono wa koti.

"Nimekula, mwanangu."

"Mimi si mwanao." Hakupaza sauti, kwa ajili ya mtoto. "Baba yangu aliumwa muda mrefu. Mama alikuwa anatoka zamu ya kuwauguza watu, anarudi nyumbani kumwosha yeye, kumgeuza, kumlisha kwa kijiko. Hakuwahi kumsikia mama akilalamika hata siku moja. Sasa wewe sema tena kile ulichosema. Hapa, mbele yetu. Tukuone unavyokisema."

 Wembe alitazama sakafu.

"Siwezi," alisema.

"Kwenye simu uliweza."

"Niliweza kwa sababu nilikuwa sioni mtu."  "Nilikwenda tawi la soko la zamani. Mama yenu aliniambia vizuri, mimi sikusikia, na sikuuliza kwa sababu nilishajisifu kwamba mimi ni mwenyeji wa hapa. Sijawahi kuingia humu maisha yangu. Mkosaji ni mimi toka mwanzo, na nimemtukana mama yenu, na marehemu ambaye hata sikumjua."

Binti akasimama, akamweka mtoto begani, akachukua mkoba. "Kaka, nitakuwa kwenye gari." Akapita karibu na Wembe bila kumgusa, kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Kaa chini, fundi," Mama Pacha alisema hatimaye. "Watu wanatutazama."

Akakaa. Alifunua sahani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Pankeki zilikuwa zimepoa, siagi imeganda juu yake. Alikata kipande, akakitia mdomoni, tumbo lake limejaa, na akatafuna huku machozi yanamtoka, mzee mzima, na kijana akageuza uso ili asimdhalilishe zaidi.  Mama Pacha alipoona Wembe anakata kipande cha pili, akaivuta sahani ile taratibu, akairudisha kwa mhudumu.

"Usijiadhibu kwa chakula," alisema. Kisha akainuka naye, akaondoka na mwanawe.

Siku zilizofuata benchi la kinyozi lilipata habari, maana fundi bomba hakukaa nazo. Lakini utani haukunoga. Wembe alinyoa kimya. Mteja akiingia na kipara, anamnyoa kipara chake, anamwambia asante. Watu wakaanza kuulizana kama anaumwa. Koti alilifua mara kwa mara, doa likabaki, akamnunulia fundi saa koti jipya na lile akalihifadhi kabatini.

Wiki ile ikapita, na nyingine, akaingia yule kijana wa Mama Pacha.  Kijana akasalimia benchi zima, akangoja zamu yake kama mtu yeyote, ilipofika akaketi, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho.

"Ndevu," alisema.

Wembe alimpaka povu. 

"Dada hataki kulisikia jina lako," kijana alisema bila kufumbua macho. "Mama hajasema chochote. Lakini nimemwona anavyopokea simu sasa. Mtu akimtumia ujumbe wa sauti, anaipa simu mgongo. Ukiwa na neno, fundi, si la kutuma. Njoo ulilete kwa miguu yako. Mimi sikuahidi kitu."

"Nitakuja, baba."

Alikwenda Jumapili, mchana kweupe, amevaa shati lake mwenyewe. Alibisha hodi akiomba afungue kijana. Akafungua binti. Walitazamana. Mtoto alikuwa amemshika mama yake mguu, anamchungulia mgeni.

"Mama yuko jikoni," binti alisema, akasogea pembeni kiasi cha mtu kupita. "Kiti cha dirishani usikalie. Kile ni cha baba."

Wembe hakukalia kiti chochote. Alikwenda hadi mlango wa jikoni, akasimama pale. Mama Pacha alikuwa anamenya viazi, beseni miguuni. Wembe akasema aliyokuja kusema, yote, bila pambo, na alipofika kwenye yale maneno ya kaburi aliyataja kama yalivyokuwa, kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, ili binti ajue kwamba hajayapunguza.  Alijua kwamba hata akiishi uzee wa mawe, maneno yale yatakuwa yake.

Mama Pacha alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akakitupa kwenye maji.

"Nimekusikia," alisema. "Kusamehe ni kitu kingine, hicho kina miguu mifupi, kinachelewa kufika. Unaweza kuwa unakuja Jumapili. Ukija, unabisha hodi, unamsalimia binti yangu kwanza. Akikwambia rudi, unarudi."

"Nitarudi."

"Na hutamwita mwanangu mpaka yeye atake."

"Sawa, mama."

Sebuleni mtoto alimwuliza mama yake huyu babu ni nani. Wembe alisimama akisubiri kusikia atajibiwa nini.

"Ni mgeni," binti alisema.